Rangi Nyekundu Juu ya Skrubu

Tarehe 6 Februari

Kwa Baba, fundi wa mafundi,

Shikamoo. Mimi mzima, kasoro kikohozi cha vumbi la hapa chuoni, nacho hakinizuii kula. Wewe je? Sikio la kushoto limeamka au bado limenuna? Simu kwako ni kazi bure, ukisikia nusu unajibu nusu nyingine ya kwako mwenyewe, ndiyo maana nimeshika kalamu. Msalimie Mama. Mwambie shuka mbili zinanitosha, aache kuniulizia shuka.

Nina kisa, na najua utacheka. Juzi tulipewa kazi ya kwanza ya mikono, kuunga nyaya kwenye sanduku la swichi. Wenzangu ishirini na wawili, wote wanaume, wanashika koleo kama kijiko cha uji. Mimi nikatulia. Nikamenya nyaya, nikasokota nyuzi zake, nikapaka dawa ya kulehemu, nikachovya kila ncha kwenye risasi iliyoyeyuka kama ulivyonifundisha. Zikatoka zinang'aa kama meno ya mtoto. Nikaingiza kila ncha kwenye tundu lake, nikakaza skrubu, nikavuta mara tatu. Lilibaki tone la rangi yako nyekundu tu juu ya kila skrubu. Nikasimama pembeni nangoja kusifiwa.

Mwalimu wetu ni mama mmoja mfupi, hacheki na mtu. Alitazama kazi yangu muda mrefu, akachukua koleo, akakata ncha zote, moja baada ya nyingine, zikadondoka mezani. "Nani kakufundisha?" Nikasema baba yangu. Akasema, "Baba yako ana mkono mzuri sana. Lakini hii itakuja kuunguza nyumba ya mtu."

Anasema kulehemu waya ndani ya kichwa cha shaba si kosa, pale risasi inashika yenyewe. Kosa ni kuichovya ncha halafu kuibana kwa skrubu. Risasi ni laini. Ikibanwa inabonyea kidogo kidogo, mwezi huu na mwezi ule, mwisho skrubu inabaki inabana hewa. Waya ukilegea unapata joto, na moto hauko mbali. Yeye anavisha nyuzi vikofia vidogo vya shaba, anavibana kwa koleo lake, basi.

Wenzangu walicheka mpaka nikatoka nje. Baba, hebu niambie: umewahi kurudi kwenye kazi yako ya zamani, ukafungua, ukaigusa skrubu?

Mwanao,
Sindano

---

Tarehe 27 Februari

Kwa Sindano,

Marahaba. Huku tu wazima, sikio ndiyo hivyo limegoma. Mama yako anasema alikupa shuka tatu, kwa hiyo moja umeshaipoteza na umeona haya kusema.

Nimecheka, ndiyo. Nina miaka thelathini na moja katika kazi hii. Daftari langu lina majengo arobaini na matatu: zahanati, shule, mashine ya kusaga, nyumba za watu, karakana ya baba yako mkubwa. Hakuna hata moja lililotoa moshi. Muulize huyo mama mfupi yeye ameunga mangapi, na yako wapi.

Unauliza kama nimewahi kurudi kufungua. Nirudi kutafuta nini? Unaijua desturi yangu. Nikimaliza namwita mwenye nyumba, namwambia tazama. Anatazama ncha zinang'aa. Natia tone la rangi nyekundu juu ya kila skrubu mbele ya macho yake, nafunga kifuniko. Namwambia, ukiona rangi hii imepasuka, jua kuna mtu kagusa kazi yangu, niite. Mpaka leo sijaitwa. Baba yako mkubwa ndiyo usiseme. Mteja anakuja kuagiza kitanda, anaonyeshwa kwanza sanduku la swichi. "Hii ni kazi ya mdogo wangu," halafu ndiyo wanaongea habari za mbao.

Wafanyie wanavyotaka wakupe cheti. Cheti ni kitu kizuri, kitundike ukutani. Ukirudi, utachovya.

Baba yako

---

Tarehe 19 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Shuka nimeipata, ilikuwa kwa jirani wa kitanda cha juu. Mwambie Mama ameshinda.

Nilikuwa upande wako, nataka ulijue hilo kwanza. Nilimwambia mwalimu baba yangu hajawahi kuunguza kitu. Akanijibu, "Basi mpime." Akanipa ubao wenye nyaya mbili nene. Mmoja nikauchovya kwa mikono yangu, kazi ambayo hata wewe usingeiona doa. Mwingine nikauvisha kikofia. Nikakaza skrubu zote mbili kwa nguvu ileile, nikapitisha umeme mzito, nawasha nazima, nawasha nazima, wiki tatu.

Wa kikofia haukusogea. Wangu, yaani wetu, niliigeuza skrubu yake kwa vidole viwili, bila bisibisi. Nililia, Baba. Sikulia kwa sababu ya aibu. Nililia kwa kuwa nilikumbuka karakana ya Baba Mkubwa. Ile mashine yake kubwa ya randa inavuta umeme kuliko kitu chochote pale mtaani, na maranda ya mbao yamejaa chini mpaka magotini, na sanduku la swichi liko pale pale juu yake.

Sikosoi mkono wako. Nani asiyeujua mkono wako? Tulikosea kwa kupenda kazi mno. Nakuomba uende kwake kwanza, halafu zahanati. Fungua, kata ncha, anza upya. Vikofia nitakutumia hata kesho, sema tu. Nijibu upesi.

Mwanao,
Sindano

---

Tarehe 2 Juni

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri, maana sina wa kuniambia. Karibu wiki kumi na moja zimepita tangu nikuandikie. Nimempigia Mama, anasema upo, unakula, unatoka asubuhi na begi la kazi. Nikimuuliza kuhusu barua yangu anasema, "Hayo ni yenu."

Kwa hiyo unakwenda kazini. Unachovya mpya wakati za zamani zinalegea. Sikujua kwamba ungeweza kukasirika na mimi mpaka ukawasahau watu waliomo ndani ya hizo nyumba. Shuleni kuna watoto mia tatu, Baba.

Nangoja mpaka tarehe ishirini. Usiponijibu, namwandikia Mwalimu Mkuu mwenyewe. Usije ukasema sikukuambia.

Mwanao,
Sindano

---

Tarehe 21 Julai

Kwa mwanachuo,

Mimi ni mzima. Mama yako mzima, anapika chakula kimoja, tunakula vyumba viwili.

Barua yako imesomwa. Mwalimu Mkuu hakuniita pembeni. Aliisoma mbele ya mkutano wa wazazi, nikiwa nimekaa mstari wa pili na shati lililopigwa pasi, nikidhani naitiwa habari ya taa za jukwaani. Mimi na sikio langu, nilisikia kila neno. Nilisikia mpaka pale ulipoandika, "Mimi ni binti yake na nayajua makosa yake."

Sasa nikuambie usiyoyajua. Barua yako ya Machi niliiweka chini ya godoro, nikailalia siku nne. Siku ya tano nikaenda zahanati, nikawaambia nimekuja kupangusa vumbi. Nikapasua rangi yangu kwa mkono wangu. Skrubu ya kwanza ikageuka kabla sijatia nguvu. Nilikaa chini pale sakafuni, muuguzi akaniletea maji akidhani ni presha.

Kuanzia hapo nilitoka kila asubuhi. Hilo ndilo begi aliloliona mama yako. Nilitafuta vikofia mwenyewe, nikajifunza kuvibana mwenyewe, na umri huu. Kila nilipomaliza nilitia tone la rangi ya bluu badala ya nyekundu, nikaweka alama kwenye daftari. Nilikuwa nimefika majengo kumi na moja. Shule ilikuwa ya kumi na mbili, nangoja wafunge ili nisiwatie watoto hofu.

Sikukuandikia kwa sababu nilitaka kumaliza yote arobaini na matatu kwanza. Halafu nikuandikie, Sindano, umenishinda. Hiyo barua nilishaipanga kichwani, ilikuwa na utani ndani yake.

Kazi ya shule wamempa fundi mwingine, Fundi Miwani. Wengine hawajamwita Miwani wala mimi. Nikibisha hodi naambiwa mwenye nyumba katoka, na huku naona nusu ya uso wake dirishani. Nikieleza kwamba nimekuja kurekebisha, wanasema, "Si wewe ndiye uliyeharibu?" Nyumba thelathini na moja zimekaa na rangi nyekundu, hakuna wa kuzifungua. Umezifunga wewe.

Aliyesimama upande wangu ni mmoja. Baba yako mkubwa aliinuka palepale mkutanoni akasema, "Kwangu sanduku lina miaka sita halijanuka moshi. Mdogo wangu ni fundi. Hakuna mtu atakayeligusa." Akaketi. 

Usiniandikie tena.

Fundi

---

Tarehe 9 Agosti

Kwa Baba,

Shikamoo. Najua umesema nisiandike. Naandika.

Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote hapa chuoni. Nisamehe kwa ule mstari. Nisamehe kwa kuandika shule. Nilihesabu siku za kimya chako nikadhani ni kiburi. Lakini na wewe, Baba! Mstari mmoja tu ulikushinda? "Nimeanza." Neno moja lingetosha. Ulitaka barua nzuri yenye utani, mimi huku sili wala sinywi. Tumefanana, ndiyo balaa letu. Hakuna kati yetu anayeweza kuonyesha kazi kabla haijang'aa.

Hasira yako nitaibeba, ni haki yako. Ila kuna kitu kimoja umekiruka. Umesema Baba Mkubwa alikutetea. Hukusema kama karakana yake ni mojawapo ya zile kumi na moja. Sanduku lake lina rangi gani?

Usinisalimie, usinisamehe, andika tu bluu au nyekundu.

Mwanao,
Sindano

---

Tarehe 12 Septemba

Kwa Baba,

Shikamoo. Simu ya Mama haipatikani. Ya Baba Mkubwa inaita mpaka inakata.

Bluu au nyekundu?

Sindano

---

Tarehe 14 Oktoba

Kwa Sindano,

Nyekundu.

Kaa chini usome. Mama yako yupo, hana ugonjwa, alikuwa hospitali akimsaidia mke wa kaka ndiyo maana hukumpata. Mimi sijaumwa hata kidole. Laiti ningeumwa mimi.

Barua yako ya Agosti ilinifikia Jumatatu. Sikukujibu, lakini Jumanne nilikwenda karakana na bisibisi mfukoni. Kaka alikuwa na wateja wawili, wanataka kabati. Aliponiona akasema kwa sauti, "Huyu hapa fundi mwenyewe!" akanivutia kiti. Akaona mpini wa bisibisi umechomoza. Akaniinamia sikio zima, akasema, "Hiyo irudishe ndani, mdogo wangu. Ukifungua leo, mimi niliyesimama mbele ya watu nitaonekana mtu wa namna gani? Na wewe je?"

Ilikuwa nimwambie, kaka, nimefungua kumi na moja na zote zimelegea. Basi. Hata mteja mmoja asingesikia. Sikusema. Nilifurahi, Sindano. Tangu mkutano ule nilikuwa sijaitwa fundi na mtu, na yeye aliniita mbele ya wageni. Nikanywa chai yake, nikamsifia mbao za kabati, nikarudi nyumbani na bisibisi yangu.

Jumamosi asubuhi alikuwa anapitisha ubao mpana kwenye randa. Sanduku likaanza kutoa moshi. Angekimbia nje asingepatwa na kitu. Aliparamia juu kuizima swichi kwa mikono yake, kifuniko kilikuwa kinayeyuka, na cheche zikadondoka kwenye maranda. Walimtoa mafundi wa gereji ya jirani. Karakana imebaki kuta.

Amelazwa wiki saba. Uso umepona. Mkono wa kushoto utashika kikombe, wamesema. Wa kulia vidole vimeshikamana, hautashika kitu. Wewe unaujua ule mkono. Ulikuwa ukipita juu ya ubao unajua palipo na kasoro kabla jicho halijaona.

Nilipomwona pale kitandani nilitaka kusema. Wakaingia watu kumjulia hali, wakauliza chanzo. Kaka akawaambia, "Panya. Walitafuna nyaya juu ya dari." Akasema huku ananitazama mimi. Wametoka, wameingia wengine, nao wameambiwa panya.

Ulikuwa sahihi kuhusu skrubu. Sipati raha yoyote kukuandikia hivyo, na wewe najua hupati.

Baba yako

---

Tarehe 28 Oktoba

Kwa Baba,

Shikamoo. Sijui nianze vipi salamu za afya katika barua hii, kwa hiyo naziacha.

Nimemwonyesha mwalimu barua yako. Sikukuomba ruhusa, nisamehe na kwa hilo. Aliisoma amesimama, akaikunja vizuri, akanirudishia. Ameniazima koleo lake la kubania vikofia na boksi zima la vikofia. Nimemuaga kwa mwezi mmoja. Nafika wiki ya pili ya Novemba.

Nilikukasirikia kuhusu ile chai, Baba. Nilikukasirikia mpaka nikaunguza meza kwa chuma cha kulehemu. Halafu nikakumbuka nilivyosimama siku ile ya kwanza nangoja kusifiwa. Kama wenzangu wasingecheka, kama mmoja tu angesema kazi nzuri, sijui kama ningeyapima maneno ya mwalimu au ningeondoka na sifa yangu.

Lakini hata ningekuelewa vipi, mkono wa Baba Mkubwa haurudi. Na mimi ndiye niliyewafanya watu wamsukume asimame mkutanoni. Hilo haliniondoki.

Zimebaki nyumba thelathini. Twende pamoja. Wewe ubebe daftari, mimi nibebe koleo. Wakikataa kukufungulia wewe watanifungulia mimi, na nikishaingia nitakuita uingie. Niambie kama utakuja kunipokea kituoni.

Mwanao,
Sindano

---

Tarehe 5 Novemba

Kwa mwanangu,

Marahaba. Nimekuwekea daftari juu ya kabati, na kopo la rangi ya bluu, lina nusu. Nyumba zenye mashine nimezipigia mstari, hizo zitangulie. Vikofia vikubwa vitapungua, ongeza kabla hujapanda gari. Twende pamoja, ndiyo. Wakinifungia mlango nitakaa barazani nikungoje, si kazi ngumu.

Sitakuja kituoni. Na wewe ukishuka usije kwangu kwanza, wala kwa mama yako. Nenda kwa baba yako mkubwa. Mlango haufungwi kwa funguo siku hizi, maana hawezi kuufungua, sukuma tu uingie. Atafurahi kukuona. Atakuuliza habari za chuo, atakutania kuhusu wembamba wako kama kawaida yake, na usipomuuliza chochote atakuambia mwenyewe kwamba ni panya.

Nimekwenda kwake kila siku kwa wiki mbili nimkatalie hao panya. Naingia, ananiita fundi, nakaa, nashika kikombe namnywesha, natoka sijasema.

Mkatalie wewe.

Baba